Gauni la Kwendea Mahakamani

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Mpendwa wifi,

Pole, pole, tena pole. Kaka alinipigia juzi akanieleza yote, na tangu hapo nimeshona zipu upande usio wake mara mbili. Yaani mtu unamfungulia mlango kila asubuhi, anakubebea unga, unampa chai na mkate wa moto, kumbe anawapigia hesabu! Kaka kashonwa nyuzi kwenye paji la uso, wewe mkono umevunjika, na huyo mchukuzi wenu, Nusu Gunia, bado anapumua. Nimefurahi kusikia watu wa mtaa walimshughulikia kabla polisi hawajafika. Huko kwenu kuna binadamu. Hapa kwangu majirani wangechungulia kwenye pazia, wakarudi kwenye chai yao.

Nakujua una huruma ya kupita kiasi. Wewe ndiye uliyemtetea yule paka aliyekula samaki wa wageni, nikiwepo mimi mgeni mwenyewe. Safari hii usinichekeshe. Mtu kama huyo haonewi huruma.

Lile gauni la kijani lilikufika? Kaka alisisitiza mikono mirefu tena, kwenye joto lote hili. Nikamwambia, "Unamvika mkeo kama mto wa kochi." Akacheka. Wenzako hata kitambaa cha jikoni hawanunuliwi, wewe hujalichakaza hili umeshaletewa lile. Ndoa ya bahati hiyo, ishike kwa mikono miwili. Ah, nimesahau sasa unao mmoja tu, nisamehe.

Kaka anasema simu yako ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Basi niandikie kama tulivyozoea, utie karatasi kwenye kifurushi cha basi. Nataka kusikia kwako wewe ilikuwaje.

Wifi yako,
Sindano

*

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Mpendwa wifi Sindano,

Barua nimeipata. Gauni limefika, limenikaa vizuri, na mikono inafika palepale inapotakiwa. Ahsante.

Uliovunjika ni mkono wa kushoto, kwa hiyo kalamu naishika bila shida. Plasta imepanda mpaka juu ya kiwiko. Kaka yako kaniambia nikae nyumbani, dukani anauza mwenyewe. Watu wanapanga foleni, na nadhani nusu yao wanakuja kuona bandeji ya kichwa. Unajua anavyopendwa. Penye msiba mikate inatoka kwake, vijana wa mpira jezi zimetoka kwake. Sasa hata watoto wa shule wakipita wanaita, "Pole, Baba Mikate!"

Na mimi nimepata wageni, wifi. Tangu niolewe sijawahi kupata wageni namna hii. Wanawake wa mtaa wamekuja na uji kwenye chupa, supu kwenye mabakuli, kuku mzima kwenye hotpoti. Jirani wa ukuta mmoja, yule mwenye redio, alilia hasa, mpaka ikabidi nimbembeleze mimi mgonjwa. Mwingine alinikanda mgongo. "Mwanaume baki kumpiga mke wa mtu!" wanasema. "Dunia imekwisha." Nilikaa nikawasikiliza. Ukuta wetu ni wa tofali moja, wifi. Redio yake ikizimwa namsikia hata akikohoa.

Polisi nao walinipa kiti. Mwaka juzi nilikwenda kituo kilekile kwa jambo jingine, nikasimama kaunta mpaka miguu ikavimba, wakaniambia nirudi nyumbani nikapike. Safari hii kiti, tena na maji ya kunywa. Maelezo yangu askari aliandika mwenyewe, kaka yako akiwa amesimama pembeni, mimi naitikia kwa kichwa tu. Kesi ni mwezi ujao na shahidi wa kwanza ni mimi.

Sijui kama kaka yako alikwambia, ila Nusu Gunia wamempofua jicho moja. Walitumia mawe. Yuko mahabusu. Hana ndugu hapa, alikuja mjini na mkokoteni wake tu, na mkokoteni wenyewe wameuchoma.

Unauliza ilikuwaje. Ilikuwa asubuhi, mikate iliungua. Mengine nitakuandikia nikipata nguvu.

Wifi yako wa mikate

*

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Mpendwa wifi,

Barua yako imejaa uji na supu, kisa chenyewe hakimo. Halafu naona unamlilia jicho. Jicho lake! Mkono wako je? Kichwa cha kaka je?

Nikwambie. Mwezi uliopita hapa sokoni kijana muuza maji alimzaba kofi mwenye duka la vitambaa. Kofi moja tu. Walimburuta sakafuni mbele ya maduka yote, hakuna aliyemuuliza kitu. Baadaye ikasemekana mwenye duka ndiye aliyeanza, alimpiga teke akamwaga ndoo yake. Sawa, lakini tangu siku hiyo soko limetulia. Ukicheka na nyani utavuna mabua.

Na ili ucheke kidogo, sikia hii. Nina mteja, mke wa bosi mkubwa wa ofisi fulani. Alikuja kupimwa, akavua mtandio, begani ana alama nyeusi za vidole, unavihesabu vyote. Akasema aliteleza bafuni. Alipotoka, mwenzangu wa cherehani ya pili akasema, "Hilo bafu lina kiganja." Tulicheka mpaka tukatokwa machozi! Sasa tungefanya nini? Ya mke na mume hayana shahidi, wagombanao ndio wapatanao. Nikamshonea mabega yaliyofunika vizuri, akafurahi, akaenda zake.

Basi jikaze. Hakimu akikuuliza, nyoosha kidole: ni huyu. Neno moja tu, halafu urudi nyumbani upumzike.

Sindano

*

Alhamisi, tarehe 16 Mei

Wifi,

Barua hii imetoka kwa mkono wa fundi viatu wa mkabala na duka letu, na jibu lako lipitie kwake. Andika juu "Fundi Viatu", usiandike mimi. Ameniapia kwamba hajui kusoma, ingawa kila asubuhi namwona na gazeti.

Kile kisa cha bafu lenye kiganja kilinichekesha. Nilicheka kweli, peke yangu jikoni. Wifi, bafu langu nalo lina kiganja, na sasa ni miaka tisa.

Mkono amenivunja kaka yako. Nitaandika ilivyokuwa, bila kuongeza.

Mikate ya alfajiri iliungua kwa sababu nilisinzia. Alikuja akaiona. Akachukua ule ubao mrefu wa kutolea mikate tanurini. Nilikinga uso, ubao ukatua kwenye mkono, na wote wawili tuliusikia mfupa. Akanyanyua tena. Hapo ndipo Nusu Gunia alipoingia na gunia la unga begani. Alilitupa chini, likapasuka, akamsukuma kaka yako. Kaka yako akajigonga kwenye ukingo wa tanuri. Nusu Gunia hakumpiga hata mara moja. Alisema, "Bosi, utaua," basi.

Kaka yako alitoka nje damu inamchuruzika, akapiga kelele, "Mwizi! Ananiua!" Mtaa wote ukafika kabla sijajua nikae au nisimame. Mtu mmoja akaniona nimeshika mkono akasema, "Hata mama kamvunja!" Na ikawa hivyo. Hakuna aliyeniuliza. Mimi nimepiga kelele nyumba hii miaka tisa, wifi, na hajafika mtu. Yeye kapiga moja tu, ya uongo, wamekuja na mawe.

Fundi viatu aliona yote, maana mlango wa nyuma ulikuwa wazi na kibanda chake kinatazama humo. Nilimwomba aje aseme. Akaniambia, "Mama, mimi nina viatu vya watu humu. Kibanda kikichomwa nitawaambia nini?" Sikumlaumu. Barua anapeleka.

Sasa nakuuliza jambo moja. Nikisema kweli mbele ya hakimu, siwezi kulala nyumba hii siku hiyo. Kwetu amebaki baba mdogo, naye kila mwisho wa mwezi anapewa unga wa bure na kaka yako. Akinipokea asubuhi, jioni atanirudisha mwenyewe na pole juu. Nikisema uongo, Nusu Gunia anafungwa, na wanasema itakuwa miaka mingi kwa sababu wameweka na wizi. Kwako kuna kile chumba cha vitambaa. Naweza kulala humo?

Wifi yako

*

Jumapili, tarehe 19 Mei

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama na naijibu nikiwa nimesimama.

Yule ni kaka yangu. Baba alipofariki yeye ndiye aliyekuwa baba. Aliuza baiskeli aliyokuwa anaipenda kuliko rafiki zake ili nijifunze ufundi, na cherehani hii inayonilisha aliibeba mwenyewe kichwani kutoka stendi. Hajawahi kunivuta hata sikio. Leo unaniambia ni mtu wa kuvunja mifupa?

Sikatai mnagombana. Nyumba gani haina vishindo? Lakini miaka tisa umefunga mdomo, unakuja kuufungua leo ili kumtoa jela mbeba magunia na kumtia ndugu yangu! Kama kweli ulikuwa unaumia, mbona hukuniambia? Kila nilipokuandikia ulijibu, gauni limenikaa vizuri, ahsante.

Damu nzito kuliko maji. Chumba cha vitambaa kimejaa vitambaa. Jambo hili usiniandikie tena.

Dada wa mumeo

*

Jumatano, tarehe 22 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini cherehani inazunguka na wateja hawakusumbui. Huku tunamshukuru Mungu. Nyuzi zimetolewa, nimebaki na kovu la kuwatishia watoto wasiotaka kulala. Mtaa umetubeba mgongoni, sijui nitawalipa nini.

Mwendesha mashtaka ananiambia mke wangu akionekana mbele ya hakimu kama mtu wa heshima, kazi imekwisha. Ndani ya kifurushi hiki kuna kitambaa cha bluu nzito, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kukutumia. Mshonee gauni. Mikono ifike mpaka kwenye vifundo, wa kushoto uwe mpana upite juu ya plasta. Kola ipande, ifunge shingo yote mpaka chini ya kidevu. Unajua mwenyewe, kama yale mengine.

Yeye siku hizi hana maneno mengi, kwa hiyo usimchoshe na barua. Kifurushi kikifika nitakifungua mimi.

Wewe ndiye damu yangu pekee iliyobaki, usisahau hilo.

Kaka yako

*

Jumatatu, tarehe 27 Mei

Wifi yangu,

Nilikuambia usiniandikie, ukatii. Nakuomba sasa usitii.

Kitambaa cha bluu kilifika Ijumaa. Nilikikata kwa hasira yangu yote, nikashona mwili, nikashona mikono, mirefu, wa kushoto mpana. Kazi ilikuwa safi, na nikajisifu. Nikalitundika msumarini likisubiri kola niliyokuwa naikata. Mwenzangu wa cherehani ya pili akainua macho kutoka kwenye kazi yake. "Mikono mpaka viganjani, na kola tena mpaka kidevuni?" akasema. "Huyu naye bafu lake lina kiganja?"

Alikuwa anatania. Alisubiri nicheke, sikucheka. Akaniuliza kama naumwa.

Jambazi alikuvunja mkono, wifi. Ndivyo kila mtu anavyosema. Hakuna aliyeniambia habari ya shingo, hata wewe kwenye barua yako. Basi hiyo kola inafunika nini? Nikakaa chini ya lile gauni nikaanza kuyakumbuka yale mengine. Lile la kahawia lenye mabega mapana. Lile la harusi ya binti wa jirani yenu, lililoshuka mpaka kwenye vidole vya miguu, nikakuuliza kama siku hizi umekuwa fagio. La kijani. Kila gauni alilokuagizia lilikuwa na mahali pa kufunika, na kila mara ni mahali pengine. Nilidhani ni mitindo.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema nguo yenyewe kashona nani.

Uliniandikia kwamba mikono inafika palepale inapotakiwa, na mimi nikapita mstari huo mbio kwenda kutafuta kisa. Naona aibu. Nimemcheka mke wa bosi, nikamshangilia muuza maji akiburutwa, na zote mbili nikakuandikia wewe kama vichekesho.

Kaka yangu nampenda. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo na hata kesho itakuwa hivyo. Usiku sijalala vizuri kwa ajili hiyo. Lakini mapenzi yangu kwake hayawezi kulipwa kwa mkono wako na jicho la mtu mwingine.

Vitambaa nimevitoa chumbani. Kuna kitanda, kuna dirisha, na komeo liko kwa ndani. Gauni bado liko msumarini. Niambie unalitaka vipi. Safari hii vipimo nachukua kwako.

Wifi yako,
Sindano

*

Alhamisi, tarehe 30 Mei

Wifi Sindano,

Barua yako niliisomea nyuma ya kibanda cha fundi viatu, katikati ya viatu visivyo na visigino. Alijifanya anatafuta gundi mpaka nikamaliza kulia. Halafu akasema, "Mimi sijui kusoma, mama, lakini hiyo naona ni barua nzuri."

Shingo alinikaba juzijuzi, kucha zikaacha makovu. Aligundua mikate miwili inapungua kila siku. Nilikuwa namtumia Nusu Gunia mahabusu.

Unauliza gauni. Nataka mikono mifupi, ikomee katikati ya bega na kiwiko, yote miwili sawa. Mkono wa kulia ndio wenye alama nyingi za zamani, na ile ndefu ni ya mlango wa tanuri. Kola usiweke kabisa. Shingo ya duara, wazi, nyuma ishuke kidogo. Wakisikia tu watasema nimehongwa. Nataka hakimu awe na kitu cha kutazama.

Kaka yako mwambie kazi imechelewa na gauni litafika na basi la asubuhi ileile ya kesi. Fundi viatu atalipokea stendi anipe mahakamani. Nitabadilisha chooni, nijitande mtandio mpaka niitwe.

Ninaogopa, wifi. Nikiwaza kuuvua ule mtandio mbele ya watu wale natamani nisiitwe kabisa. Lakini nimeshaamua.

Wifi yako

*

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Wifi yangu,

Imekwisha. Nakuandikia kutoka nyumbani kwa fundi viatu, mkewe amenipa kitanda cha watoto, nao watoto wamefurahi kulala chini. Jumatatu natolewa plasta, Jumanne napanda basi la kuja kwako.

Gauni lilinikaa vizuri. Leo hilo neno nalisema kweli.

Jana mahakama ilijaa. Walioitwa na wasioitwa. Mmoja wa waliompiga Nusu Gunia alikaa mstari wa mbele anatafuna karanga. Nilipoitwa nikauvua mtandio, nikaukunja, nikauweka kwenye kiti. Mwendesha mashtaka akauliza nani alinivunja mkono. Nikanyoosha kidole kwa kaka yako. Akauliza tena kama nimeelewa swali. Nikasema nimeelewa. Nyuma mtu akasema, "Amerogwa huyo." Hakimu akauliza mbona maelezo ya polisi yanasema mengine. Nikamwambia nilipoandikiwa, aliyenivunja alikuwa amesimama pembeni yangu. Hakimu aliitazama shingo yangu kwa muda, halafu mkono, halafu akaandika.

Na fundi viatu, wifi! Hakuwa shahidi wa mtu. Alisimama mwenyewe nyuma kule, akasema, "Mheshimiwa, na mimi niliona." Wakamwita mbele akasema yote. Leo hajafungua kibanda. Viatu vya watu amevihamishia chini ya kitanda ninacholalia.

Nusu Gunia ameachiwa. Alinifuata nje, jicho limefungwa na kitambaa. Nilijiandaa kwa lolote. Akaniuliza, "Mama, ule unga uliomwagika nani alizoa?" Nikamwambia niliuzoa mimi, kwa mkono mmoja. Akatikisa kichwa, akaenda. Hana mkokoteni, hana jicho, na waliomfanyia hivyo hakuna aliyeitwa hata kuulizwa jina. Wote wanajulikana.

Kaka yako aliandikiwa shtaka mchana, jioni akatoka kwa dhamana. Asubuhi ya leo tanuri limewashwa kama kawaida na foleni ilikuwa ndefu kuliko juzi. Mimi nilirudishwa kituoni kuandika maelezo upya. Yule askari aliyenipa kiti safari ile, safari hii hakunipa. "Mama, una hakika?" aliniuliza. "Fikiria nyumba yako." Nikaandika nimesimama.

Leo mchana jirani wa redio alikuja mpaka hapa kwa fundi viatu. Nilimwona dirishani nikadhani kaja kuniona, nikajitengeneza kitambaa cha kichwa. Hakuingia. Aliuliza hotpoti yake iko wapi. Nikamwambia iko jikoni kwa Baba Mikate, rafu ya chini, nimeiosha.

Niwekee maji ya kuoga.

Wifi yako

*

Jumatatu, tarehe 24 Juni

Kaka yangu,

Umenipigia mara nyingi na sikupokea, kwa sababu kwenye simu wewe hunishinda kila siku. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema nimekuuza kwa mchukuzi. Unasema baba angekuwa hai angenilaani. Baba hayupo, na wa kukuambia nimebaki mimi.

Wifi yuko hapa. Mkono umekonda na haunyooki sawasawa, daktari anasema ndivyo utakavyobaki. Anajifunza kutia vifungo na tayari ananikosoa. Jumamosi alikuja yule mteja wangu, mke wa bosi, anataka tena mabega ya kufunika. Wifi alimpima yeye. Nilitoka nje na mwenzangu wa cherehani ya pili, tukafunga mlango, tukawaacha. Walikaa humo muda mrefu kuliko vipimo vya gauni lolote.

Usidhani huku wote wananipigia makofi. Jirani yangu ameniambia nikurudishie mkeo kabla hujakasirika. Nilimuuliza mbona siku muuza maji anaburutwa hapa sokoni hakusema tumrudishe kijana kwa mama yake kabla hajaumia.

Baiskeli naikumbuka. Nakumbuka ulivyobeba cherehani kichwani huku unaimba ili nisione umechoka. Mtu yule ndiye ninayemlilia, na sielewi aliwezaje kukaa ndani ya mtu mmoja na huyu mwingine. Cherehani sikurudishii. Imekufichia mengi, imeshajilipa. Kesi yako ikianza nitakuja na nitakaa upande wa wifi. Wakikufunga, chakula nitakuletea mimi, kwa sababu hao wa foleni sijui kama watafika huko.

Sasa kuhusu kazi uliyonipa. Uliagiza mikono mirefu, mpaka kwenye vifundo, wa kushoto mpana. Niliishona kama ulivyotaka kabla sijajua, na nakuhakikishia hutaona mshono. Kisha nikaikata kati ya bega na kiwiko. Gauni liko kwa mwenyewe. Mikono nimeikunja humu kwenye kifurushi, yote miwili, maana kitambaa kilikuwa chako na sasa mwenye cha kufunika ni wewe.

Mdogo wako,
Fundi